Amande inalipwa leo, pointi zinamfuata dereva miaka

Katika miji mingi ya Kongo, dereva akisimamishwa na polisi wa barabarani anajiuliza swali moja tu: nitaacha feza ngapi hapa? Huko Ufaransa, ambako Wakongomani wengi wanapata mkate wao kwa kuendesha taxi, malori ao magari ya kupeleka vifurushi, swali ni lingine: nitapoteza pointi ngapi?

Tofauti ya maswali haya mawili si ndogo. Amande inagusa mfuko wa leo. Pointi zinagusa kazi ya kesho. Mwenye feza anaweza kulipa amande ishirini na kuendelea kukimbiza gari. Lakini mahali ambapo permi ina pointi, tajiri na maskini wanaanza na hesabu moja, na hakuna anayeruhusiwa kununua pointi nyingine wakati zake zimeisha.

Hapa kwetu, kila mara ajali kubwa inapotokea, watu wanauliza kwa nini dereva mwenye makosa mengi anarudi barabarani kesho yake kama vile hakuna kitu kilichotokea. Wengine wanaomba serkali ilete permi ya pointi. Mbele ya kujibu kama ni vizuri ao vibaya, ni lazima kufahamu namna mfumo huo unatumika, nani anaumia nao, na kitu gani kinakosekana Kongo ili uweze kuwa wa haki.

Hesabu inaanzia kwenye kumi na mbili

Ufaransa ilipitisha sheria ya permi ya pointi tarehe 10 mwezi wa saba 1989, na sheria hiyo ikaanza kutumika tarehe 1 mwezi wa saba 1992. Kila dereva anakuwa na pointi 12. Anayetoka kupata permi anaanza na 6 tu, na anapaswa kungoja miaka mitatu bila kosa ili afikishe 12.

Kila kosa lina bei mbili: bei ya feza na bei ya pointi. Kushika simu mkononi wakati wa kuendesha ni amande ya euro 135 na pointi 3. Kutofunga mkaba wa usalama, pointi 3 vilevile. Kupita taa nyekundu ao kutosimama kwenye kibao cha stop, pointi 4. Kuendesha na pombe kuanzia gramu 0,5 katika litre moja ya damu, pointi 6. Kwa dereva mpya, hata gramu 0,2 inatosha.

Kwa mwendo wa kasi, pointi zinapanda pamoja na kilometre. Anayepita kiasi kwa kilometre chini ya 20 kwa saa anapoteza pointi 1. Anayepita kwa kilometre 50 ao zaidi anapoteza 6. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2024, anayepita kwa kilometre chini ya 5 analipa amande lakini haondolewi pointi tena, kwa sababu madereva wengi walilalamika kwamba pointi zao zilikuwa zinaisha kwa makosa ya kitoto.

Tuchukue mfano wa dereva anayepeleka vifurushi mjini. Mwezi mmoja ananaswa na simu mkononi: pointi 3. Kisha anapita taa nyekundu kwa sababu mteja anangoja: pointi 4. Kisha hasimami vizuri kwenye kibao cha stop: pointi 4. Amebaki na pointi 1. Kamera moja ikimpiga picha akiwa amepita kiasi cha mwendo kwa kilometre 10, hana permi tena. Hakugonga mtu, hakulewa, hakukimbia polisi. Akilipa kila amande haraka kwa bei ya chini ya euro 90, feza zote ni euro 360. Anaweza kuzipata kwa siku chache za kazi. Permi hataipata tena kwa siku chache.

Pointi zikifika sufuri, serkali inamtumia barua ya rekomande ambayo madereva wa Ufaransa wanaiogopa sana na kuiita 48SI. Anapaswa kurudisha permi kwa muda wa siku 10, na hawezi kupata nyingine mbele ya miezi sita. Kisha hapo anapita kwa muganga na kwenye mtihani wa akili, na anaweza kulazimishwa kufanya tena mtihani wa sheria za barabara. Akiendelea kuendesha katika muda huo, si kosa la barabarani tena, ni kosa la tribinali: kifungo mpaka miaka miwili na amande mpaka euro 4 500. Na akigonga mtu, kampuni ya asiransi itamlipa aliyeumizwa, kisha itamgeukia yeye imudai feza yake yote.

Mtego wa kulipa haraka

Kuna jambo moja ambalo linawapoteza wageni wengi, Wakongomani na wengine, wanapofika Ulaya. Kwao, kulipa amande ni kumaliza maneno. Mtu anapokea karatasi nyumbani, anaona kwamba akilipa ndani ya siku 15 atatoa euro 90 kuliko 135, na akichelewa itapanda mpaka 375. Anakimbia kulipa ili apate usingizi.

Lakini kwa sheria ya Ufaransa, kulipa ni kukubali kosa. Siku anapolipa ndipo mlango wa kutoa pointi unafunguka. Kama hakuwa yeye aliyeendesha, kama aliazima gari kwa ndugu ao kwa rafiki, alikuwa na siku 45 za kuandika na kueleza. Akikwisha kulipa, ni vigumu sana kurudi nyuma.

Kwa makosa mengi ya kamera, anayepinga anaombwa kwanza kuweka feza ya dhamana. Feza hiyo haihesabiwe kama malipo ya amande, ni kusema pointi hazitoki mpaka neno lake litakapokatwa. Watu wengi hawajui tofauti hiyo, na wanaogopa kuandika barua katika Kifaransa cha ofisi. Wanalipa hata makosa ya wengine, na pointi zinaondoka kimyakimya.

Kwa upande mwingine, sheria haikumfungia dereva mlango wote. Aliyepoteza pointi 1 anairudishiwa kama amekaa miezi sita bila kosa lingine. Kwa makosa makubwa zaidi, akikaa miaka mitatu bila kosa anarudi kwenye 12. Na kuna mafunzo ya siku mbili, ambayo mtu anaweza kufuata mara moja kwa mwaka, yanayorudisha mpaka pointi 4. Lakini dereva mwenyewe ndiye anayelipia mafunzo hayo, na yanampotezea siku mbili za kazi. Na ni lazima ayafanye mbele ya kupokea ile barua ya 48SI. Ikikwisha kufika mkononi mwake, hakuna mafunzo yanayoweza kumwokoa.

Anayekaa barabarani ndiye anayeumia zaidi

Katika karatasi, mfumo wa pointi ni sawasawa kwa wote. Katika maisha, si hivyo. Anayechukua gari siku ya Yenga tu kwenda kanisani na dereva wa lori anayekula na kulala njiani wana pointi 12 wote wawili. Lakini wa pili anapita mbele ya kamera mara mia kwa juma.

Madereva wa malori wa Ufaransa walilisema hilo tangu mwanzo. Mwaka 1992, sheria ilipoanza, permi ilikuwa na pointi 6 tu. Walifunga barabara kubwa za nchi kwa malori yao siku nyingi, mpaka serkali ikatumia vifaru vya jeshi kuwaondoa kwenye barabara moja karibu na mji wa Lille. Sheria haikufutwa, lakini mbele ya mwaka huo kuisha pointi ziliongezwa kutoka 6 mpaka 12. Ni funzo kwa yeyote anayefikiri kuleta mfumo huu mahali pengine: waliotegemea usukani ili kula walipaswa kusikilizwa mbele, si kisha.

Kwa dereva wa taxi ao wa lori, kupoteza permi ni kupoteza mshahara siku ile ile. Sheria inakataza patron kuangalia idadi ya pointi za mfanyakazi wake, ili asimfukuze kwa ajili ya pointi mbili tatu. Lakini ulinzi huo una upande wake mbaya: dereva anaweza kuendelea kazini akiwa na pointi 1 bila kumwambia mtu, mpaka siku barua inafika.

Hofu hiyo imezaa hata biashara. Kuna watu wanaotafuta mtu mwingine, mara nyingi mzee ambaye haendeshi tena, ili akubali kwa feza kwamba ndiye alikuwa kwenye usukani. Sheria ya Ufaransa inaadhibu anayeuza na anayenunua. Na tangu mwaka 2017, gari la kampuni likipigwa picha na kamera, kiongozi wa kampuni anapaswa kusema nani alikuwa anaendesha. Akinyamaza, kampuni ndiyo inatozwa amande.

Je, mfumo umesaidia? Mwaka 1972, barabara za Ufaransa ziliua watu zaidi ya 16 000. Mwaka 2023, waliokufa walikuwa karibu 3 200, ijapokuwa magari yameongezeka sana. Si kazi ya pointi peke yake. Kulikuwa mkaba wa usalama, sheria za pombe, barabara bora, magari yenye nguvu ya kulinda watu, na kamera za mwendo zilizoanza mwishoni mwa 2003. Lakini pointi ziliongeza kitu ambacho amande haikuwa nacho: kumbukumbu. Kosa la leo linakaa pamoja na kosa la mwezi uliopita.

Si nchi zote za Ulaya zilizofuata njia hiyo. Ubelgiji, ambako Wakongomani ni wengi pia, ilipitisha sheria ya permi ya pointi tarehe 18 mwezi wa saba 1990. Lakini sheria hiyo ilibaki kwenye karatasi, haikutumikishwa. Pale, anayefanya kosa kubwa anaitwa na tribinali ya polisi, na mwamuzi ndiye anayeweza kumkataza kuendesha kwa muda fulani. Mkongomani anayetoka Bruxelles kwenda Paris anavuka mpaka bila kuona askari, lakini anabadilisha sheria kabisa.

Kongo: kosa lisiloandikwa

Nchini Kongo, sheria ya barabara inayotumika ni ile namba 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978. Ilipoandikwa, nchi iliitwa Zaire, feza ilikuwa zaire, na simu ya mkononi haikuwako. Sheria hiyo haina pointi. Ina amande, kifungo, na uwezo wa mwamuzi wa kumnyima mtu haki ya kuendesha. Barabarani, ni polisi wa PCR, wale ambao watu wengi wanawaita bado roulage, wanaosimamia kazi hiyo.

Kwa kanuni, njia iko wazi. Polisi anaona kosa, anaandika PV, dereva anapewa karatasi ya kulipa, feza inakwenda benki katika hazina ya serkali, na dereva anabaki na ushuhuda. Lakini kila anayepanda taxi-bus anajua njia nyingine: konvwaya anashuka mbio na noti iliyokunjwa, dereva anapita. Hakuna PV, hakuna jina, hakuna tarehe. Kesho polisi mwingine kwenye rond-point nyingine hajui kama dereva huyu ni mtu mwenye heshima ao ni yule aliyemgonga mtoto wa shule mwaka uliopita.

Shofere wa taxi anaona jambo hilo kwa hesabu ya siku. Wengi hawana gari lao. Jioni wanapaswa kumpelekea mwenye gari feza ya versement, na kiasi hicho hakipungui hata siku ikiwa mbaya. Kinachotoka barabarani kinatoka katika sehemu ya shofere, ni kusema katika chakula cha watoto wake. Ili kurudisha kilichopotea, anaongeza abiria wa tano mahali pa wanne, anakimbia, anasimama katikati ya njia kugombania mteja. Amande iliyopaswa kumfundisha kuendesha polepole inamfanya aendeshe vibaya zaidi.

Kwa waendesha pikipiki ni vilevile, na zaidi. Wengi walianza kazi bila masomo ya kuendesha, kwa kukodi pikipiki ya mtu. Pikipiki ikikamatwa na kufungiwa kwenye kituo cha polisi, kila siku inayopita ni siku bila kula, na versement inaendelea kuhesabiwa.

Uchunguzi uliofanyika Kinshasa umeonyesha kwamba tatizo hili si la askari mmoja mmoja mwenye njaa. Kundi la wachunguzi wa mambo ya uchumi na siasa, Wakongomani wakiwa ndani, walifuata kazi ya polisi wa barabarani mwaka 2015, na matokeo yakatoka katika jarida la American Economic Review mwaka 2024. Walikuta kwamba wakubwa wa vituo waliwapa askari wa barabarani hesabu ya madereva ambao walipaswa kuleta kituoni kila siku. Dereva akifika kule, mazungumzo ya feza yanaanza. Feza iliyopatikana kwa njia zote ilikuwa mara tano kuliko ile ya amande za kisheria.

Jambo la pili walilokuta linagusa usalama wenyewe. Ili kufikisha hesabu, askari anaacha kuongoza magari na anaanza kuwinda madereva katikati ya njia. Hapo magari yanakwama na ajali zinatokea. Wachunguzi walipofanya jaribio la kupunguza hesabu hiyo, misongamano na ajali vilipungua. Ni kusema, namna amande zinavyotafutwa inaweza yenyewe kuwa chanzo cha ajali ambazo amande zilipaswa kuzuia.

Jirani wamejaribu kamera, raia wakalalamika

Madereva wa Beni, Butembo na Bunia wanaovuka kwenda Uganda wameona njia nyingine. Mwaka 2025, serkali ya Uganda ilianzisha mfumo wa kamera unaosoma namba ya gari na kutuma amande kwa simu, bila askari kusimamisha mtu. Aliyepita kiasi cha mwendo kwa kilometre mpaka 30 alitozwa shilingi 200 000, na aliyepita zaidi ya hapo shilingi 600 000.

Mfumo huo ulikuwa na faida moja kubwa: kamera haiombe kahawa. Lakini katika muda wa siku chache kelele zilikuwa nyingi. Watu walipokea amande juu ya amande, hasa mahali ambapo mwendo ulikatwa kwenye kilometre 30 bila dereva kuona kibao vizuri. Mwezi wa sita serkali ilisimamisha mfumo kwa muda ili kuusahihisha.

Huko Rwanda, kamera za mwendo zimekuwa za kawaida mpaka watu wamezipa jina la mwanamke, Sofia. Dereva wa Goma ao wa Bukavu anayezoea barabara bila kamera anajifunza jina hilo haraka, kwa sababu amande inaandikwa kwenye namba ya gari na inamngoja hata akiwa amekwisha kurudi kwake.

Mfano wa jirani unaonyesha kwamba kumwondoa askari katikati hakutoshi. Dereva asipojua sheria ya mahali, asipoona kibao, na asipokuwa na pa kulalamikia, mashine inakuwa mdai mwingine tu.

Kitu gani kinahitajika mbele ya pointi

Anayeomba permi ya pointi Kongo anaomba, bila kujua labda, vitu vinne ambavyo vinapaswa kuwapo mbele.

Cha kwanza ni permi ya kweli. Pointi zinaandikwa kwa jina la mtu, si kwenye gari. Kwa hiyo kila dereva anapaswa kuwa na permi moja tu, iliyotolewa kisha mtihani. Kongo ina tume ya kutoa permi, CONADEP, na permi yenye alama za vidole. Lakini mahali ambapo mtu anaweza kupata karatasi bila kukaa kwenye usukani mbele ya mwalimu, ao kuwa na permi mbili kwa majina mawili, pointi hazina maana. Zikiisha upande huu, ataendesha na ile ya upande mwingine.

Cha pili ni daftari moja. Kosa lililofanyika Lubumbashi linapaswa kuonekana Kisangani. Hiyo inaomba umeme, intaneti na utawala mmoja unaoaminika, katika nchi ambako vita vimegawanya hata majimbo ya Kivu. Daftari la makosa haliwezi kuwa na nguvu kuliko serkali inayolishika.

Cha tatu ni ushuhuda. Askari akiwa na uwezo wa kutoa pointi kwa neno lake tu, bila picha, bila PV yenye sahihi, atakuwa na silaha kubwa kuliko ya leo. Leo dereva anatoa franka ili apite. Kesho atatoa dola ili asipoteze kazi yake. Kosa likiwa na bei kubwa zaidi, na rushwa nayo inapanda bei. Hapa ndipo hatari kubwa ya kuiga Ulaya nusu nusu: kuchukua adhabu yake na kuacha ulinzi wake.

Cha nne ni mahali pa kulalamika. Huko Ufaransa dereva ana siku 45, ana anwani ya kuandikia, na ana mwamuzi. Shofere wa hapa akipoteza siku mbili kutafuta haki yake kwenye ofisi, amekwisha kupoteza versement mbili. Wengi wataona ni heri kunyamaza.

Hii haimaanishi kwamba Kongo ibaki ilivyo. Shirika la afya la dunia, OMS, lilihesabu kwamba ajali za barabarani ziliua watu karibu milioni 1,19 duniani mwaka 2021, na kwamba ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29. Afrika ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ukilinganisha na idadi ya wakaaji. Nyuma ya hesabu hizo kuna madereva ambao walikuwa na makosa kumi mbele ya kuua, na hakuna hata moja lililoandikwa mahali.

Ndiyo sababu hatua ya kwanza ni ndogo kuliko pointi, na labda ni ngumu kuliko pointi: kila kosa liandikwe, na kila franka ipite benki. Amande isiyoandikwa haimfundishi mkosaji na haimlindi mtu mwema. Dereva aliyeendesha miaka ishirini bila kugonga hata kuku hana karatasi ya kuonyesha heshima yake. Na yule anayeua na kukimbia anaanza upya kila asubuhi.

Yale dereva anaweza kufanya leo

Kwa wanaoendesha hapa nchini, kuna desturi chache zinazosaidia hata bila sheria mpya. Kuwa na hati zote ndani ya gari: permi, karte roze, asiransi na contrôle technique, na kuangalia tarehe za mwisho wake mbele ya safari. Kuomba kwa upole kujua ni kosa gani, na kuomba PV. Kuuliza note de perception na kulipa benki, kisha kutunza ushuhuda wa malipo. Kutoacha permi mkononi mwa mtu bila karatasi inayosema nani ameichukua na kwa sababu gani. Mara nyingi kuomba karatasi kunachukua muda kuliko kutoa noti, na shofere wa taxi anajua muda ni feza. Lakini karatasi hiyo ndiyo kitu pekee kinachobaki kama neno likirudi kesho.

Kwa walio na patron, ni vema kukubaliana mapema ni nani analipa amande: ile ya gari isiyo na taa ao asiransi ni ya mwenye gari, ile ya mwendo na simu ni ya shofere. Mabishano mengi kati ya shofere na mwenye gari yanatoka kwenye neno hilo ambalo halikusemwa siku ya kwanza.

Na kwa ndugu walio Ufaransa, ao wanaojiandaa kwenda: permi ya Kongo haitumike pale bila mwisho. Anayehamia kule akitoka nje ya Ulaya anaweza kuitumia mwaka mmoja tu kisha kupata makao. Akikwisha kupata permi ya pale, aangalie pointi zake kwenye mtandao wa serkali mara kwa mara, afungue kila barua, na asome kosa lililoandikwa mbele ya kulipa. Akibakiwa na pointi chache, afuate yale mafunzo ya siku mbili mapema. Asiazime gari kwa mtu bila kuandika tarehe na saa, hata akiwa mtoto wa shangazi, kwa sababu karatasi ya kamera itafika kwa jina la mwenye gari.